Madam, kama haisomwi, imeandikwa ya nini?

Ilikuwa Jumanne, kipindi cha tatu, jua limeshaanza kuingia kwenye madawati ya upande wa dirishani. Darasa la tatu, watoto 68, kitabu kimoja watoto watatu. Nikamwinua mwanafunzi mmoja asome sentensi ya nne. Akasimama, kitabu mkono wa kushoto, kidole cha mkono wa kulia kinatembea chini ya maneno, na akasoma kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi wowote:

"Maza kats ze mit wiz e kinife."

Kinife. Neno lenyewe ni knife, kisu. Ki-ni-fe, silabi tatu safi, hakuna iliyomezwa.

"Naifu," nikamwambia. "Hiyo K haisomwi."

Kidole kikarudi kwenye ile K kikakaa pale. Akaniangalia, na wala hakuwa na utundu machoni, akauliza: "Madam, kama haisomwi, imeandikwa ya nini?"

Darasa zima likageuka kwangu.

Nikamjibu kama mwalimu wangu alivyonijibu mimi nilipokuwa na umri wake. "Ndivyo Kiingereza kilivyo. We kariri tu. Kaa chini."

Akakaa.

Kengele ikagongwa, watoto wakatoka kwenda kunywa uji, mimi nikabaki nafuta ubao na lile swali kichwani. Na likakaa. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, niko kwenye daladala linakuja, napika linakuja, nasahihisha madaftari usiku linakuja, maana ukweli ni kwamba sikuwa na jibu. Nimefundisha Kiingereza miaka 11, herufi zisizotamkwa nimeziandika ubaoni sijui mara ngapi, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza zinafanya nini pale.

## Usiruke hata moja

Ili uelewe kwa nini liliniuma hivyo, inabidi nikusimulie habari ya mama aliyemfundisha huyu mtoto kusoma. Ni mwalimu wa darasa la kwanza, amebakiza miaka miwili astaafu, ofisini wote tunamwita Mama na yeye anatuita wanangu, hata mwalimu mkuu ni mwanangu. Nilipomsimulia ya kinife wenzangu walicheka, yeye hakucheka. Akaweka kikombe chini. "Huyo mtoto unajua alivyokuja?"

Sikuwa najua. Kumbe alikuja akiwa mtu wa kubahatisha. Anaona picha ya ng'ombe, neno lililoandikwa chini ni maziwa, yeye anasoma ng'ombe halafu anasonga mbele. Akishaona herufi ya kwanza zilizobaki anajazia mwenyewe. Mama akakaa nae muhula mzima, kila siku baada ya masomo, dakika kumi kumi, kidole chini ya herufi, na maneno ni yale yale: usiruke hata moja. Iguse, iseme, nenda nyingine. Iguse, iseme, nenda nyingine.

Na ikamkaa. Kiswahili kinamlea vizuri mtoto wa namna hiyo, si unajua, ukishaimaliza ba be bi bo bu, ukajua ng ya ngoma sio ng' ya ng'ombe, basi unaweza ukapewa gazeti ukalisoma lote kwa sauti hata kama nusu ya maneno huyajui maana yake. Kilichoandikwa ndo kinachosemwa. Mtoto anajenga imani juu ya hilo, anaegemea hapo na uzito wake wote.

Kwa hiyo siku ile aliposoma kinife hakuwa anakosea.

Alikuwa anatii.

Sisi ndo tuliomwambia usiruke, halafu miaka miwili baadae, shule ile ile, mimi namwambia ruka, na sababu simpi.

## Herufi hewa

Kuna kijana tunafundisha nae, mwalimu wa Hisabati, mtu wa maneno. Nilipoleta mjadala ofisini akasema, "Hizo ni herufi hewa hizo, kama wafanyakazi hewa, jina lipo kwenye orodha ila kazini hawaonekani." Tukacheka wote, na mimi nikaona hapo nimepata dawa. Jina lenyewe zuri, watoto watalishika.

Jumatatu nikaingia darasani na herufi hewa zangu. Nikachora jedwali ubao mzima. K ikianza na N ikafuata, K ni hewa. W ikianza na R ikafuata, W ni hewa. M na B mwishoni mwa neno, B ni hewa. GH kwenye night na light, hewa zote mbili. Wakanakili, tukasema pamoja kwa sauti, knee, knife, knot, write, wrong, lamb, climb, kipindi kikaenda vizuri mpaka nikatoka nimesimama wima.

Ijumaa nikatoa imla.

Usiku nasahihisha nakutana na knose. Kname. Wrun. Mmoja kaandika knurse kwa mwandiko mzuri kabisa, kapigia mstari. Upande wa pili wako waliofuta kila kitu: nif, rait, klaim. Kwenye kusoma ndo kabisa, number ikawa "nama", maana wameshaona M na B zimekaa pamoja, hawasubiri kujua kama ni mwishoni au katikati, B wanaiondoa haraka haraka.

Hayo ningeyabeba. Lililoninyima usingizi lilitokea Jumatano iliyofuata, saa ya mapumziko, Mama kaja mpaka mlangoni kwangu na hakuingia.

"Mwanangu, umemfanya nini mtoto wangu?"

Asubuhi ile yule kijana wa kinife alikuwa amepewa tangazo alisome mstarini mbele ya shule nzima. Tangazo fupi la usafi, Kiswahili kitupu. Na huyu ni mtoto anayesoma Kiswahili kama anakunywa maji. Akaenda vizuri mpaka akafika kwenye neno mbu. Akasimama. Akaziangalia zile M na B, akainua macho kutuangalia walimu, kama anayeuliza ipi kati ya hizi mbili ni hewa.

Mbu! Neno alilolijua kabla hajajua kutembea.

Nilijua hapo hapo nimevunja kitu. Nilikuwa nimempelekea habari kwamba kuna herufi zimewekwa tu, hazina kazi, na ukishamwambia mtoto hivyo yeye atajuaje mpaka uko wapi? Kwa nini ziwe kwenye Kiingereza tu? Kazi ya mama wa watu, muhula mzima wa dakika kumi kumi, nimeitikisa kwa wiki moja ya jedwali.

Jedwali nililifuta. Lile jina la herufi hewa nikaacha kulitumia, mpaka leo.

## Mstari wa juu kwenye risiti

Jumamosi nikaenda steshenari kununua manila na kalamu za rangi. Dada wa dukani akatoa risiti ya mashine, nikawa naikunja niiweke kwenye pochi, macho yakaangukia ule mstari wa juu ambao wote tunao majumbani kwenye droo na hakuna anayeusoma: START OF LEGAL RECEIPT.

Lile neno la mwisho nikalisoma kwa kidole, kama yule mtoto. R, E, C, E, I... P.

Risiti.

Sasa P iko wapi kwenye risiti?

Haipo. Na sio kwamba imeanguka njiani. Aliyelileta hili neno kwenye Kiswahili, sijui alikuwa karani, sijui muuza duka, alilichukua kwa sikio. Sikio likabeba kilichosemwa, kilichoandikwa likakiacha kule kule kilikotoka.

Nikageuza ile risiti nikaanza kuandika nyuma yake, nimesimama pale pale pembeni ya kaunta. Saini, kutoka sign, G haipo. Dizaini, kutoka design, G haipo. Kampeni, G haipo tena. Sayansi, C imeachwa. Kabati, kutoka cupboard, P imeachwa. Bomu, B ya mwisho imeachwa. Nimonia, P ya mwanzo imeachwa. Hafutaimu ya mpira, L imeachwa. Halafu likaja neno ambalo lilinifanya niache kuandika.

Chaki.

Chalk ina L. Miaka 11 nashika chaki mkononi kila siku ya kazi, vumbi lake liko kwenye kila gauni langu, natumia chaki kuwaandikia watoto kwamba kuna herufi zisizotamkwa, na chaki yenyewe ndo mfano.

## "Hawakuisahau, hawakuisikia"

Jumatatu sikuandika kanuni yoyote. Niliinua chaki juu. "Hii nini?"

"Chakiii!"

Nikaandika chaki ubaoni, chini yake nikaandika chalk, nikatamka mara moja, nikanyamaza. Kunyamaza mbele ya watoto 68 ni kazi, mdomo unawasha, unataka kueleza. Ila nilikaa kimya mpaka binti mmoja wa nyuma akasema, "Madam, kwenye yetu L haipo."

"Wazee waliisahau," mwingine akadakia.

Na hapo yule kijana wangu, ambae tangu siku ya mbu alikuwa hanyanyui mkono, akasema bila hata kunyanyua mkono: "Hawakuisahau, hawakuisikia."

Naomba mnielewe, nilikuwa nahangaika na hii mada kwa kuingilia mlango usio wake. Nilikuwa naanza na jicho. Nampa mtoto neno limeandikwa, halafu namwambia toa hii, toa ile, na kwake kutoa ni kosa. Kumbe kuna maneno kibao ambayo sikio lake lilishayapokea tangu nyumbani yakiwa hayana ile herufi, anayasema bila shida, na kinachobaki ni kumwonyesha kwamba wenyewe walipoliandika kuna mtu wa ziada kwenye neno, haya tumuulize huyu ni nani. Mtoto hapotezi kitu. Anaongezewa.

Nikawapa kazi ya nyumbani, kila mmoja aje na neno moja la Kiswahili analodhani limetoka Kiingereza, tuliangalie pamoja. Walileta mengi ambayo hayana herufi yoyote ya kimya na sikuwakatisha tamaa, tuliyasoma tu. Ila mmoja alikuja na nimonia, kaiona kwenye bango ukutani kliniki alipompeleka mdogo wake na mama yake, tukaandika pneumonia ubaoni na ile P mbele darasa likaguna kwa pamoja. Mwingine kaja na bomu, jirani yake hapo hapo akauliza, sasa mbona bomba lina B mbili?

Swali zuri kuliko langu lolote mwezi ule. Bomba tulilichukua kwa Wareno, ambao walifika pwani yetu tangu 1498, na kwao ile B ya pili inasikika, bomba. Bomu tulilisikia kwa Waingereza, ambao B yao ya mwisho hawaisemi. Ukoo ni mmoja, masikio yale yale, midomo tofauti. Na Waingereza wenyewe wakisema bombard B inarudi inasikika! Sign hivyo hivyo, G imelala, ukienda kwenye signature G imeamka. Ndo nikaona kweli lile jina la hewa lilikuwa linazionea.

Kuna mahali niliteleza lakini. Mtoto mmoja kaleta kadi, mwingine shati, mwingine tochi, na wakaona R haipo kwenye zote tatu. Wakaniuliza R nayo haisomwi? Nikawaambia Mwingereza wa London kwa kawaida haisemi hapo, Mmarekani kwa kawaida anaisema, sisi tulisikia kwa Waingereza. Ni kweli nilichosema. Ila niliona nyuso zinapotea moja moja, na nadhani ilikuwa mapema, ningeliacha mpaka darasa la tano.

## Goti la Ujerumani

Ila swali lake lilikuwa bado. Hawakuisikia, sawa. Imeandikwa ya nini?

Dada yangu ni nesi Ujerumani. Siku moja tunachati kwenye WhatsApp ananilalamikia kazi, siku nzima ni wazee na magoti, akaandika Knie. Nikamwambia nirekodie unavyolitamka. Voisi ikaja, sekunde mbili: "K-nii." K inasikika, kavu kabisa, kama inagonga mlango. Nikamwambia na usiku je? "Nakht." Nacht, na ile sauti ya kh, ile ile ambayo wazee wa pwani wanaitoa wakisema kheri.

Night. Ile GH.

Kwa hiyo kumbe zilikuwa zinasemwa. Kiingereza na Kijerumani ni ndugu, na hawa waliobaki kule bado wanaisema. Nikaanza kusoma usiku usiku kwenye simu, na hiki ndo nilichokipata kwa ufupi. Zamani Waingereza walikuwa wanatamka K kwenye knee na knife na knight, GH nayo wanaitamka. Mwaka 1476 William Caxton akafungua mtambo wa kuchapa vitabu Westminster, na vitabu vikianza kuzagaa tahajia inaanza kuganda, kizazi kwa kizazi. Midomo haikuganda. Watu wakaendelea kurahisisha, K ikapungua, ikapotea, vitabuni ikabaki. Yaani tunachokisoma leo ni picha ya mdomo wa mtu aliyekufa zamani.

Nyingine hazikuwahi kusemwa kabisa. Debt Waingereza walilichukua kwa Wafaransa, wakawa wanaliandika dette, hakuna B. Wasomi wakaja wakasema asili yake ni Kilatini, debitum, wakaichomeka B ili ukoo uonekane. Island nayo hivyo hivyo, S ilichomekwa kwa sababu walilifananisha na isle, na kumbe hayana undugu. Could wamepewa L ili wafanane na would na should. Hiyo ya could ilinigusa sana, maana nimewahi kumnyima mtoto maksi kwa kuandika coud.

Lakini lililonikalisha chini ni hili. Kabla matamshi hayajabadilika, knife lenyewe lilikuwa linatamkwa karibu na "k-niif". K ipo, na I ni I, sio AI.

Kinife.

Kesho yake nilimwita yule mtoto wakati wa mapumziko, sikutaka kungoja kipindi. Nikamwambia lile swali lako nilikujibu vibaya, nina jibu sasa. Nikamweleza K ilikuwa inasemwa, watu wakaacha kuisema, vitabu havikuacha kuiandika. Nikamwambia ungeenda London miaka 600 iliyopita ukasema kama ulivyosoma siku ile, ungeuziwa kisu.

Hakusema kitu. Alitabasamu upande mmoja halafu akauliza, "Na madam je, wangekuelewa?"

Nikamwambia mimi kwa naifu yangu, nadhani wasingenielewa.

Akaondoka anakimbia kuwaambia wenzake.

## Aiguse, asiiseme

Haya yote nilimsimulia Mama, ya Knie, ya risiti, ya Caxton. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniambia kitu ambacho mimi na vitabu vyangu vya usiku hatukukifikia.

"Mwanangu, we tatizo lako ulimwambia airuke. Mwambie aiguse, asiiseme."

Basi. Ile kanuni yake ya darasa la kwanza, iguse, iseme, nenda nyingine, hakuna haja ya kuivunja. Kidole kinapita kwenye kila herufi kama alivyofundishwa. Kikifika kwenye K ya knife kinaigusa, mdomo umefungwa, kinaendelea kwenye N. Hakuna herufi iliyorukwa. Na kwenye kuandika mkono unakumbuka, kwa sababu kidole kiliwahi kukaa pale, na hapa ndo watoto walikuwa wanapotea na jedwali langu, unamwambia hii herufi ni hewa halafu unataka aikumbuke kwenye imla!

Tumefanya hivyo wiki mbili sasa, maneno sita kwa wiki, sio zaidi. Mwenzangu mmoja ananiambia kwa mwendo huo mada za muhula hazitaisha. Inawezekana. Sina jibu zuri kwake zaidi ya kwamba nilivyokimbia nazo zote kwa kipindi kimoja cha dakika 40 kilichotokea nimeshakisimulia hapo juu.

## Same, wake, pole

Kuna herufi moja nimeiweka peke yake kwa sababu hiyo kwa mtoto wa Kiswahili ni mtihani kuliko K zote. E ya mwisho. Sisi maneno yetu yanaishia na irabu, irabu ya mwisho ndo inafunga neno, ukiiacha umeacha mlango wazi. Halafu kinakuja Kiingereza na wake up. Mtoto anaona wake, kama mke wake. Anaona pole, anakupa pole. Anaona mate, anakunja uso. Anaona same, mtoto wetu mmoja ambae bibi yake yuko Kilimanjaro akafurahi kweli, Same! Tunapita pale tukienda kwa bibi!

Na sio kosa lake, kasoma alichokiona.

Hii nilifundisha kwa miili yao. Watoto watatu mbele, kila mmoja na kipande cha manila, K, I, T. Darasa linasoma, kit. Nikamwita wa nne ana E, kidole mdomoni, amebana kimya, aje asimame mwishoni. Yule mwenye I anatakiwa akimwona tu abadilike, aseme jina lake kamili, AI. Kite. E akiondoka, I anarudi zamani. Tukafanya hop na hope, cap na cape, tap na tape. E hajasema neno hata moja tangu aje lakini kuna mtu katikati ya mstari amebadilika kwa sababu yake. Ni kama mgeni mkubwa aliyekaa sebuleni, hajamkaripia mtu, watoto wote wamekaa vizuri.

Halafu wakauliza come je, some je. Hizo hazifuati. Nikasema hazifuati. Nimejifunza kusema hivyo bila kuongeza kariri tu, nasema hazifuati, tuiguse tusiiseme, tutaizoea kwa kuiona.

Na kwenye kusahihisha nimebadilisha kitu ambacho bado sina uhakika nacho. Mtoto akiandika nife simwekei mkasi mwekundu. Naweka vema ndogo juu ya kila sauti aliyoisikia sawa, halafu naiongeza K mbele kwa penseli, kwa wepesi, ye mwenyewe anaipitishia wino. Maksi hapati, maana kwenye mtihani hatapewa. Sijui kama ni huruma yangu tu au kweli inasaidia. Nusu ya madaftari wamepitishia wino vizuri, nusu nyingine ile K ya penseli iko pale pale, haijaguswa.

## Getini

Kwenye geti la shule yetu upande wa nje wameandika KARIBU kwa rangi ya bluu, upande wa ndani, wa kutokea, AHSANTE. Juzi mchana natoka, nakuta yule kijana na wenzake watatu wamesimama chini ya lile neno la pili. Shingo juu, kidole hewani, anapita herufi moja moja. Akafika kwenye ile H akasimama.

"Madam, shikamoo. Sisi tunasema asante. Hii H inasemwa?"

Marahaba, nikasema, nikanunua sekunde mbili. Kwa sababu ni kweli, ofisini nusu yetu tunaandika asante na nusu ahsante, na nikiwasikiliza wote wanasema asante. Tahajia yetu sanifu ilianza kukalishwa chini miaka ya 1930, haina hata miaka 100, na tayari kuna herufi hapa getini watu wanaiandika na hawaisemi. Nikamwambia ilikuja na Waarabu, kwao inasemwa, wapo Waswahili wanaoisema mpaka leo, sisi wengi tumeiacha njiani.

"Kwa hiyo na sisi tunazo."

Tunazo, nikamwambia. Moja moja.

Akaitazama tena ile H, wenzake wameshaanza kuondoka wanamwita. Halafu akanyoosha kidole, akaigusa kutoka mbali, mdomo umefunga, akaenda kwenye S.

Nimeshafungua kitabu kuangalia kipindi cha Jumatatu. Kuna laugh na kuna enough, ambako GH haijanyamaza, imegeuka F. Najua atauliza. Usiku huu nimekaa na simu nasoma, na dada nimemtumia ujumbe aamke anirekodie wao wanasemaje wakicheka.